Pete ya Mlango wa Khanum Turan

Enzi zetu mtu hakuwa akifika kwa mtu kimyakimya kama paka. Ulipiga hodi, ukasikilizwa, ukajulikana u nani hata kabla hujaonekana. Siku hizi, hapa tunapoishi Overport, Durban, vijana wetu wameifuta adabu hiyo kwa kidole. Rafiki wa mwanangu Nasri akifika kwetu hagongi, haiti, hakohoi. Anasimama nje ya geti akiandika kwenye simu: "Niko hapa." Na Nasri, aliyejilaza kwenye kochi hatua kumi kutoka mlangoni, anamjibu: "Sharp," yaani sawa. Wanaweza kukaa hivyo robo saa nzima, mmoja nje, mmoja ndani, wanaandikiana. Ukiwauliza wanakwambia wewe ni wa zamani. Ni kweli, sisi ni wa zamani, na zamani yetu ilikuwa na milango ya maana.

Jumamosi iliyopita nilibeba sahani ya mahamri nikaenda kwa Mama Furaha, jirani yangu Mkongomani, nyumba ya tatu kutoka kwangu. Simu niliiacha nyumbani kusudi. Nikasimama nje ya geti lake nikaita kwa sauti ya kwetu Lamu: "Hodi! Hodi wenyewe!" Akatoka mbio, kilemba mkononi, macho yamemtoka.

"Mama Nasri, kuko nini? Nani amekufa?"

Nikamwambia hajafa mtu, ni mahamri tu.

"Eish! Sasa mbona hukutuma message? Utaniua na pressure, mama!"

Tulicheka mpaka chai ikapoa. Lakini niliporudi nyumbani niliwaza sana, maana mimi miaka mitatu ya utoto wangu niliishi katika mji ambao mlango wenyewe ulisema nani yuko nje. Na ilibaki kidogo tu, kwa ajili ya mlango mmoja wa mji huo, familia yetu irudishwe Lamu kwa aibu. Aliyesababisha ni mimi.

Wengi wenu mnaosoma haya mlikulia Mombasa, Tanga, Bukavu, au hukuhuku Chatsworth kama mume wangu. Mimi nilivushwa mbali. Baba yangu alikuwa fundi wa chokaa, mtu wa kuzitibu nyumba kuukuu za Lamu, na akapata nafasi ya kwenda Uajemi kujifunza jinsi wenzetu wanavyotengeneza majengo yao ya udongo. Akatuchukua, Mama na mimi. Nilikuwa na miaka minane. Mji wenyewe nikiutaja hamtaujua; hata dereva wa basi lililotupeleka kutoka Yazd aliuliza njia mara mbili. Mama alibeba mbuzi yake ya kukunia nazi. Baba alimwambia kule ni jangwani, hakuna minazi. Mama akamjibu, "Mungu hawezi kuumba nchi nzima akaisahau nazi." Basi mbuzi ile ilikaa miaka mitatu bila kuonja nazi hata moja, na watoto wa jirani wakaigeuza farasi.

Nami nawaambia, nimeiona miji, lakini mji kama ule sijauona tena. Wote ulikuwa wa udongo, rangi moja na ardhi, hata ukiutazama kwa mbali usingejua nyumba inaanzia wapi. Juu ya nyumba ilisimama minara yenye matundu marefu, kazi yake kukamata upepo na kuushusha mpaka chumba cha chini, ambako watu walilala mchana na matikiti yalipoa. Hakuna umeme, hakuna injini. Leo kwenye kiwanda cha rangi ninakofanya kazi, huko Mobeni, mashine ya baridi ikizima nusu saa tu, wasichana wa ofisini wanaomba ruhusa kwenda nyumbani.

Nje kidogo ya mji palikuwa na nyumba ya barafu. Msicheke. Ni kuba la udongo, kubwa, kama kichuguu ambacho mchwa wake hawajui kuchoka. Baba alinieleza kwamba zamani, wakati wa baridi kali, watu walimwaga maji kwenye mifereji nyuma ya ukuta mrefu, yakaganda, wakayakata na kuyazika ndani ya kuba wakayala kiangazi. Barafu jangwani, bila friji! Nilidhani ananitania. Enzi zetu barafu haikuwepo tena, walibaki njiwa na sisi. Mchezo wetu mkubwa ulikuwa kusimama katikati ya kuba na kupiga kelele, sauti ikazunguka ukutani ikaturudia imenenepa. Tulimtukana humo mwalimu wetu wa hesabu, kwa imani kamili kwamba udongo hauwezi kusengenya.

Na ile nyumba ya misafara! Uwanja mpana umezungukwa na vyumba, ambamo wafanyabiashara wa kale walilala na ngamia wao wakielekea mbali huko kwenye hariri na viungo. Watu wa mji walisema palikuwa hapalali kwa vurugu. Kisha ikajengwa barabara ya lami, ikapita kando, malori yakachukua kazi ya ngamia, na mji ukaachwa umekaa na majengo yake makubwa kama mama aliyepika pilau ya harusi na wageni hawakuja. Sisi watoto ndio tuliokuwa wageni. Tulicheza msafara humo: mmoja mfanyabiashara, mmoja mnyang'anyi, mmoja ngamia anayegoma kuinuka. Mimi niliwekwa ngamia mara nyingi kuliko haki.

Shuleni nilikaribishwa vizuri kuliko nilivyoogopa. Mwalimu alilisimulia darasa kwamba kuna watu wa Shiraz waliosafiri zamani sana wakahamia pwani ya Afrika. Wanafunzi wakaamua papo hapo kwamba mimi ni ndugu yao niliyechelewa kurudi nikaungua na jua. Sikukanusha, kwa sababu undugu huo ulinipa kiti karibu na jiko la mafuta. Asubuhi tulikula mkate mrefu uliookwa juu ya kokoto za moto. Unaufikisha nyumbani, unaupukuta, na ukisahau kokoto moja, jino lako litakukumbusha. Wazee walikunywa chai bonge la sukari likiwa limebanwa menoni. Mama aliwaonea huruma, akidhani hawana vijiko.

Sasa njooni mlangoni. Nyumba iliyotazamana na yetu ilikuwa ya Khanum Turan na mumewe Haji, na khanum kwao ni kama sisi kusema bibi. Ilikuwa nyumba kongwe kuliko zote mjini. Mlango wake wa mbao nzito uliandikwa kabisa kwenye daftari la serikali la vitu vya kale. Ubao wa kulia ulikuwa na chuma kirefu cha kubishia, na ukikiangusha kinatoa mlio mzito: du! Ubao wa kushoto ulikuwa na pete ya shaba, nayo inalia kwa wembamba: ting! Chuma ni cha wanaume, pete ni ya wanawake. Waliomo ndani wakisikia du, anakwenda mwanamume kufungua na wanawake wanajisitiri. Wakisikia ting, anakwenda mwanamke, kichwa wazi, bila wasiwasi. Kila mtu aliyafuata haya, tangu watoto mpaka muuza mafuta ya taa.

Isipokuwa Mama. Wiki ya kwanza alisimama katikati ya vyuma viwili, hakugusa hata kimoja, akaita, "Hodi!" Ndani kimya. "Hodi jamani!" Watoto wa mtaa wakakusanyika wakaanza kuitikia naye. Mwisho Khanum Turan akafungua kuona kuna sherehe gani, akamkuta mwanamke wa Kilamu na kwaya yake. Akamkumbatia. Tangu siku hiyo nyumba ile ikawa yetu, na nyingine ya kukimbilia hatukuwa nayo. Mama hakujua lugha, Baba alishinda kazini, na Khanum Turan ndiye aliyemfundisha Mama soko, akamkanda mgongo alipougua, akanisuka nywele kila Ijumaa huku binti yake Mahin akinifundisha kuandika. Bila mlango ule Mama angelia miaka mitatu mfululizo.

Na mimi niliipenda ile pete. Ilikuwa imechakaa upande wa chini kwa vidole vya wanawake wa miaka na miaka, ikawa laini kama sabuni. Siku moja nikamwambia Khanum Turan, "Pete yenu nzuri sana."

Akaweka mkono kifuani. "Pishkesh, Zeinab jan. Ni yako."

"Kweli?"

"Kwa uhai wako, ichukue. Haina thamani mbele yako."

Nyinyi watu wazima mmeshanusa. Kwao ukisifu kitu, mwenyewe hukwambia ni chako. Wewe unakataa, anakubembeleza, unakataa tena, na mara ya tatu kila mtu anabaki na kitu chake, mapenzi yakiwa yameongezeka. Hayo tuliyajua baadaye. Kwetu, Mama alikuwa ameshanipigia ngoma nyingine kabisa tangu sijaota meno: "Mwanangu, ukipewa usikatae. Anayekataa zawadi amemkataa mtoaji." Sasa mimi nitamkataaje Khanum Turan?

Nikasema ahsante. Kesho yake, saa ya usingizi wa mchana, mji mzima umelala, nikaingia kwao na koleo la Baba. Pete ilishikwa na msumari wa miguu miwili iliyopindwa kwa ndani. Nikainyoosha polepole, mguu mmoja baada ya mwingine, nimeweka kitambaa chini ya koleo nisikwaruze mbao, kama Baba alivyonifundisha. Ikatoka. Nikarudishia mlango kwa adabu zote, nikaenda kuitundika juu ya kitanda changu.

Sikujua kwamba alasiri ile ndiyo aliyokuwa akiposwa Mahin. Wakaja wanawake saba wa upande wa mume, wamevaa, wamenukia, mama mtu mbele na sinia la halua. Wakatafuta pete, wakaona tundu. Walifanyaje? Mama mtu akashika chuma cha wanaume akakiangusha: du! Ndani, Khanum Turan na Mahin waliosikia mwanamume yuko mlangoni wakakimbilia chumba cha nyuma kutafuta mabuibui. Haji akaamka usingizini, akaenda kufungua kama alivyokuwa, na pajama lake la mistari, kifungo kimoja hakipo. Akakutana uso kwa uso na wanawake saba. Akapiga ukelele akarudi ndani, akafunga. Wageni wakaachwa nje na halua yao. Walipokuja kufunguliwa mama mtu alishanuna. Alikunywa kikombe kimoja tu akaondoka, akasema nyumba isiyo na pete mlangoni ni nyumba isiyotaka wanawake. Mahin alilia mpaka macho yakavimba, na kilio kile nilikisikia nikiwa upande wa pili wa barabara, nami bado nilikuwa nikijiuliza kimempata nini.

Asubuhi alikuja mkuu wa ofisi ya Baba. Mlango wa daftari la serikali umeibiwa pete! Akasema mwizi ni lazima awe mmoja wa vibarua wa matengenezo, maana nani mwingine ana vifaa, na atakayepatikana ataondoka mjini siku hiyohiyo. Wakamwita Baba atazame. Baba akapiga magoti, akachungulia tundu, akapapasa mbao, na mimi niko nyuma ya Mama nikimwonea fahari. "Huyu mwizi ni fundi," akasema. "Hakuna hata mkwaruzo. Amenyoosha msumari badala ya kuukata, ameweka kitu laini chini ya koleo, kama ambavyo mimi ninge..." Akageuza shingo taratibu akanitazama.

Nyumbani hakupiga kelele, na hilo lilinitisha zaidi. Alikaa kitandani kwangu chini ya ile pete akashika kichwa. Ndipo nilipoelewa. Baba alitoka mbali kujifunza kutunza vitu vya kale vya watu, na binti yake ameng'oa kimoja. Akisema, kazi imekwisha na Khanum Turan tumempoteza. Akinyamaza, kibarua asiye na kosa anafukuzwa. Mama akasema tuirudishe mchana watu wakilala, kama ilivyotoka. Baba akasema, "Hapana. Kitu kilichotoka kwa siri kikirudi kwa siri, kimeibwa mara mbili."

Akanishika mkono, pete nimeikumbatia, tukavuka barabara. Mkuu alikuwepo, Haji alikuwepo, amevaa koti safari hii, na Khanum Turan amesimama kizingitini. Baba aliniambia niseme mwenyewe. Nikasema neno moja, "Nilipewa."

Mkuu akamgeukia Khanum Turan. Mimi nilikuwa mtoto, lakini nilijua kwamba neno litakalotoka kinywani mwake ndilo litakaloamua kama tunabaki. Akisema hakunipa, mimi mwizi. Akisema alinipa, yeye ndiye aliyetoa mali ya daftari la serikali na kuharibu posa ya mwanawe.

"Mtoto anasema kweli," akasema. "Nilimpa."

Mkuu akatabasamu kwa shida. "Khanum, sote tunajua yale ni maneno ya adabu tu."

"Sisi tunajua. Yeye hajui kusema asichomaanisha, na mimi nilimwapia kwa uhai wake. Kama kuna kosa, ni la ulimi wangu. Pete ni yake."

Baba akaninong'oneza, "Kataa." Nikakataa, nikimnyooshea. Akasema ni yako. Nikakataa. Akasema ni yako, roho yangu. Nikakataa mara ya tatu huku nalia, kwa sababu safari hii sikuwa nikikataa kwa adabu, nilitaka kabisa aichukue na anipende kama jana. Akapiga goti mbele yangu akanifuta kamasi kwa ncha ya buibui lake. "Basi ni yako, lakini mlango utakutunzia." Baba akatoa koleo, tukaifunga pamoja, mimi nimeshika pete, yeye anapinda msumari. Mkuu akaandika kitu kwenye karatasi yake, akaenda zake. Hakuulizwa kibarua yeyote.

Mama wa mume alipopata habari alirudi mwenyewe siku ya pili. Akabisha, ting, akaingia akicheka mpaka akakaa sakafuni, akataka aonyeshwe mwizi. Harusi ilifanyika kabla ya makomamanga kwisha, nami nilikaa karibu na bibi harusi, nikala halua hadi nikaugua.

Miaka mitatu ya Baba ikaisha, tukarudi Lamu. Barua zikaenda, zikapungua, zikakatika, si mnajua. Baba na Mama wametangulia mbele ya haki. Mimi nikaolewa, nikaletwa Durban, huu mwaka wa kumi na nane. Juzi binti yangu Salma, ambaye simu yake inajua watu wote duniani isipokuwa majirani, alinitafutia Mahin akampata. Ni bibi wa wajukuu wanne. Nilimsikiliza kwenye ujumbe wa sauti, tena na tena, Kiajemi changu kimeota kutu lakini nikaelewa. Alisema mama yake alifariki miaka mitatu iliyopita, na nyumba siku hizi inatembelewa na wageni wanaopiga picha. Akasema tangu tulipoondoka, kila pete ilipolia mama yake alisema, "Pete ya Zeinab hiyo, mfungulieni." Akija muuza maziwa wa kike, pete ya Zeinab. Akija mkunga, pete ya Zeinab. Wajukuu walikua wakidhani hilo ndilo jina la mlio.

Salma alikuwa akinitazama. "Mama, kwa hiyo kila mwanamke aliyebisha kule alikuwa wewe?"

Nikamwambia ndiyo.

Geti letu hapa lina namba nne za siri. Anazo mtu wa pizza, anazo fundi wa bomba, wanazo marafiki wote wa Nasri. Linalia biip kwa kila mtu, na hakuna anayeinua kichwa. Huko jangwani, katika mji wa udongo ambao hata ramani ya simu inasita kuuonyesha, wanawake nisiowajua waliingia ndani kwa jina langu kwa zaidi ya miaka thelathini. Mahin alimalizia kwa kusema kwamba mama yake, hata alipokuwa hawezi kuinuka kitandani, pete ikilia aligeuza uso kutazama mlangoni, maana kila mara alidhani huenda safari hii ni mimi kweli. Ndege zipo, viza zipo, na mimi sikwenda hata mara moja.